Jina Nililopeleka Leipzig

Kwetu Old Moshi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili hupewa la babu mzaa mama. Jambo hili halihitaji kikao wala mjumbe. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2023, mwanangu anayeishi Leipzig, Ujerumani, aliponipigia simu usiku kunieleza kwamba mkewe amejifungua salama mtoto wa kiume, nilidhani habari ya jina imekwisha kabla haijaanza. Namwita mwanangu kama desturi itakavyo. Yeye ni mtoto wa mdogo wangu aliyefariki mwaka 2019, na mimi sasa ndimi niliyesimama mahali pa baba yake.

"Baba Mkubwa," aliniambia, "mtoto ataitwa Baba. Lakini Baba alikuwa na majina mawili. Tumpe lipi?"

Nilimjibu kwamba nitampigia kesho yake. Usiku ule sikupata usingizi, maana swali lile lilikuwa limegonga mlango nilioufunga mwenyewe mwaka 1964.

Mwaka huo mdogo wangu alianza darasa la kwanza. Mama alikuwa na kazi ya kahawa, kwa hiyo mimi niliyekuwa na miaka 14 ndiye niliyempeleka shuleni. Tulivuka mto, tukapanda kilima, tukajipanga pamoja na watoto wengine mbele ya meza ya mwalimu. Alipoulizwa jina, alitaja lile la nyumbani, jina la babu yetu mzaa mama. Watoto wachache wakacheka. Mwalimu akauliza, "Jina la ubatizo?" Mdogo wangu akanyamaza, kwa sababu jina hilo alilisikia mara moja tu alipokuwa mchanga, na nyumbani hakuna aliyelitumia. Nami, kwa haya ya kijana aliyekwisha onja shule ya kati, nikajibu kwa niaba yake. Nikataja la ubatizo na la ukoo. Lile la babu nikaliacha. Mwalimu akaandika.

Wakati wa kurudi aliniuliza, "Sasa yule wa nyumbani ameachwa wapi?" Nilimwambia aache maswali ya kitoto.

Mpenzi msomaji, nimekuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya 30, na katika hiyo mingi nilikuwa mwalimu mkuu. Nimeulizwa maswali mengi na watoto, lakini hilo ndilo ambalo sikulijibu.

Ni rahisi kusema kwamba kosa hili ni la wamisionari. Nimelisema hivyo mimi mwenyewe, chuoni na baadaye katika mikutano ya walimu. Wale waliokombolewa utumwani na kupelekwa Bagamoyo, ambako misheni ya Kikatoliki ilianza mwaka 1868, walibatizwa kwa majina ya watakatifu. Historia ya Rabai na Frere Town karibu na Mombasa imejaa watu kama William Jones na George David, Waafrika waliookolewa majahazini na kulelewa India, wakarudi pwani yetu wakiwa na majina ambayo hata mama zao wasingeyatambua. Haya ni kweli.

Lakini ukweli wa mlimani kwetu una pande zaidi ya moja. Misheni ya Leipzig iliingia Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka uliotangulia, 1892, Mangi Meli wa Moshi aliwapiga Wajerumani, na afisa wao von Bülow akafa vitani. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Moshi tangu 1885 walikuwa wamekwisha ondolewa na kuhamia Taveta, wakituhumiwa kuwa upande wa Mangi. Hivyo Walutheri wa Leipzig walifika bunduki zikiwa hazijapoa. Walianzia Machame, wakaenda Mamba, na mwaka 1896 wakajenga Kidia, kwetu. Tarehe 2 Machi 1900 Meli na viongozi wengine walinyongwa Old Moshi. Babu zetu waliolelewa na habari ya kamba ile ndio waliokwenda kuketi kwenye mabenchi ya shule ya Kidia.

Hata hivyo, wageni wale hawakufuta majina yote. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, alitumia maisha yake kuandika sheria, mafundisho na desturi za Wachagga. Kwake kanisa lilipaswa kusimama juu ya ukoo, ujirani na rika. Unaweza kumlaumu kwa mengine, kama walivyofanya wasomi wa wakati wake waliotaka shule zaidi na mila kidogo, lakini huwezi kusema alidharau jina la ukoo. Na Walutheri wa kwetu na wa Upare wakajitungia majina yao wenyewe: Elifuraha, Elineema, Eliamani, Elirehema. Wamechukua Eli, yaani Mungu, wakaliunganisha na neno la kinyumbani. Huo si utumwa wa jina. Ni watu waliopokea kitu wakakifanya chao.

Basi nani aliyeyafukuza majina ya nyumbani kutoka daftari la mahudhurio? Kwa sehemu kubwa ni sisi walimu. Tuliwapita waliotufundisha. Mwaka 1920, baada ya vita, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini, walimu Wachagga ndio walioshika makanisa na shule. Ni sifa kubwa, nami najivunia kuwa katika safu yao. Lakini pamoja na sifa hiyo tulirithi ukali wa mtu anayeogopa kuonekana mshamba. Mimi nilipokuwa mwalimu mkuu, shule zilikuwa zimekwisha taifishwa tangu sheria ya mwaka 1969, na hakuna mkaguzi aliyenidai jina la dini la mtoto. Hata hivyo niliendelea kuuliza. Mwaka 1986 aliletwa mvulana ambaye baba yake hakuwa wa dini yoyote. Nikampa jina kutoka katika Biblia, pale pale mezani, kama mtu anayegawa chaki. Jina hilo ndilo lililoandikwa katika vyeti vyake vyote. Miaka mingi baadaye alinikuta stendi ya mabasi Moshi, akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akacheka: "Wewe ndiye uliyenibatiza, tena bila maji." Abiria wenzetu walicheka. Mimi sikuweza.

Wapo watakaosema dawa ilikuwa kupiga marufuku majina ya kigeni. Ndivyo alivyofanya Mobutu huko Zaire mwaka 1972, naye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré. Lakini hiyo nayo ni amri. Padri anayekupa jina bila kukuuliza na rais anayekuvua jina bila kukuuliza wamekaa kiti kimoja.

Asubuhi nilimpigia mwanangu. Nilimwambia mtoto apewe majina yote mawili, na la nyumbani litangulie. Alifurahi, lakini baada ya siku chache akapiga tena. Ujerumani mtoto huandikishwa katika ofisi ya serikali, na mwandikishaji anaweza kutaka uthibitisho kwamba jina asilolifahamu kweli ni jina la mtu. Je, ningeweza kuandika maneno machache?

Nilichukua karatasi yenye mistari, nikaandika kwa mkono, kisha kijana wa jirani akaipiga picha kwa simu na kuituma. Niliandika kwamba mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nathibitisha kuwa jina hilo ni la kiume, limetumika katika ukoo wetu kwa vizazi visivyopungua vitatu, na maana yake ni "tulisubiri". Nikatia sahihi. Sijui barua yangu ilikuwa na uzito gani mbele ya mwandikishaji, lakini cheti kilitoka na majina yote. Mkono ulioliacha jina nje ya daftari la Old Moshi ulikuwa umeliingiza katika daftari la Leipzig, miaka 59 baadaye, mwenye jina akiwa kaburini.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mtoto hajaulizwa kama anataka liwekwe kitabuni, nami nimekwisha andika majina ya watu bila kuwauliza mara nyingi mno.

Ubatizo ulipangwa Mei 2024. Mke wangu magoti yake hayapendi safari, kwa hiyo alibaki na ng'ombe na migomba, akanifungia kahawa kilo mbili na kitenge cha mzazi. Nilipanda ndege KIA jioni, na kesho yake mchana nilikuwa Leipzig.

Mji huu nilikuwa nikiufahamu kwa jina tangu utoto, kwa sababu neno "Leipzig" lilitajwa kanisani kwetu kama watu wa pwani wanavyotaja Makka. Nilikuwa sijui kwamba jina hilo si la Kijerumani. Mwanangu alinieleza kwamba linatokana na lugha ya Waslavi walioishi pale kabla, nalo lina maana ya mahali penye miti ya linden. Wenye lugha hiyo wamekwisha mezwa na Wajerumani, ila jina limebaki, na miti yenyewe ipo barabarani. Tena chuo kikuu cha mji huo kimejulikana kwa muda mrefu kwa elimu ya majina, kuchunguza asili yake na kuwashauri wazazi wenye mashaka. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekwenda na deni la jina mpaka kwa wenye duka.

Alinitembeza. Tuliingia kanisa la Thomas, alikofanya kazi Johann Sebastian Bach kuanzia 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750, na ambako watoto wake kadhaa walibatizwa. Tulisimama pia mbele ya kanisa la Nikolai, ambako maombi ya Jumatatu yaligeuka kuwa maandamano, na usiku wa tarehe 9 Oktoba 1989 watu elfu nyingi walitembea mitaani na mishumaa bila risasi kupigwa. Lakini aliponiuliza ninataka kuona nini zaidi, nilimwambia anionyeshe mji wa Hans Meyer.

Huyu Meyer alikuwa mtoto wa tajiri wa uchapishaji wa Leipzig. Tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Aliukuta mlima una majina yake, Kibo na Mawenzi, na watu waliokuwa wakiyataja kila asubuhi walipofungua mlango. Pale juu akapiga kelele za shangwe akakiita kilele jina la Kaiser Wilhelm. Akavunja jiwe, akamletea Kaiser, nalo likawekwa katika ukuta wa ukumbi wa jumba la Potsdam. Katika kitabu chake alimtaja Mwini Amani, mtu wa Pangani aliyewalindia kambi ya juu. Kiongozi wa njia kutoka Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, alisubiri sherehe za miaka 100, mwaka 1989, ndipo jina lake likatajwa hadharani. Na kilele? Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera, nacho kikaitwa Uhuru. Mlima ulibatizwa ukabatizwa tena, lakini mkulima wa Old Moshi akiutazama bado anasema Kibo.

Mwanangu alisikiliza, kisha akanikumbusha habari ya Berlin. Mwaka 2023 wataalamu wa makumbusho huko walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha watu walio hai Tanzania na mafuvu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni. Juu ya fuvu moja paliandikwa neno "Akida", na ukoo uliopatikana ni wa Kiwelu, wazao wa mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa. Fikiri, msomaji: zaidi ya miaka 100 mtu amekaa katika rafu, na kilichoandikwa kichwani mwake ni cheo. Ilibidi wajukuu waje na damu yao ndipo awe na jina. Rais wa Ujerumani alikwenda Songea mwezi Novemba mwaka huo akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Nilipoisikia redioni nilisema, "Ni vizuri, ingawa wamechelewa." Sasa, nimesimama mtaani Leipzig, nilijiona kwamba mimi nimechelewa vile vile, tena sina bahari wala serikali ya kusingizia.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, tulialikwa chakula kwa wazazi wa mkwe wetu. Ni watu wakarimu. Mama alinieleza, mwanangu akitafsiri, kwamba yeye hakubatizwa. Alizaliwa wakati wa Ujerumani Mashariki, na wazazi wake waliona ni salama zaidi kwa masomo yake asihesabiwe kuwa mtu wa kanisa. Vijana wengi wa enzi hiyo walifanyiwa sherehe ya serikali badala ya kipaimara. Hivyo katika mji uliotuletea ubatizo, wengi hawajui tena kisima cha ubatizo kimewekwa upande gani wa kanisa. Aliniuliza kama nitamcheka akikosea wakati wa kusimama. Nilimwambia asimame nikisimama.

Ndipo nilipoona, karibu na dirisha la sebule, chungu chenye mmea ninaoufahamu kuliko mmea wowote duniani. Ulikuwa isale. Majani yake yalikuwa na mstari wa manjano katikati, jambo ambalo la kwetu halina, lakini ni isale. Kwetu masale ndiyo mipaka ya kihamba. Hupandwa makaburini. Na mtu aliyekosa akimletea aliyemkosea jani la isale, hawezi kukataliwa. Nilikuwa nimetamani kubeba jani kutoka nyumbani, nikaogopa wakaguzi wa mimea uwanja wa ndege. Kumbe lilikuwa limetangulia, likinyweshwa maji na mwanamke wa Kijerumani.

Niliomba ruhusa, nikakata jani moja, nikalifunga fundo. Si kawaida mkubwa kumpelekea mdogo isale, nami niliona mikono yangu ikitetemeka. Nilimwambia mwanangu habari ya mwaka 1964, yote, pamoja na kicheko cha watoto na swali la njiani. Nikamwambia kwamba baada ya siku ile ni Mama peke yake aliyemwita baba yake kwa jina la nyumbani, na Mama alipofariki mwaka 1993 hakuna aliyeliita tena. Mimi pia sikuliita. Na mwaka 2019, wasifu wa marehemu uliosomwa kaburini niliuandika mimi, nikaliacha tena, na msalaba ukatengenezwa kwa kufuata wasifu.

Alilipokea jani kwa mikono miwili. Akakaa kimya, kisha akasema, "Baba alinisimulia siku ile ya kwanza ya shule. Hakusema habari ya jina. Alisema mto ulikuwa umejaa, ukambeba mgongoni."

Mimi nilikuwa nimesahau mto.

Mama mkwe aliuliza jani lile ni la nini. Alipoelezwa aliutazama mmea wake, akasema ameutunza miaka mingi akidhani ni pambo tu.

Kesho yake, Jumapili, kanisani tulikuwa watu wasiozidi 40, na nusu ya waumini wa kawaida walikuwa wazee wa umri wangu. Kwetu ubatizo ni ibada ya watoto 20 kwa pamoja, kwaya tatu, na baadaye ndafu, mtori na mbege. Hapa mtoto alikuwa peke yake. Mshumaa wake uliwashwa kutoka katika mshumaa mkubwa wa Pasaka. Mchungaji, mama wa makamo, alikuwa amenijia kabla ya ibada na kuniomba nimfundishe kulitamka jina. Tulirudia mara nne, kama darasa la kwanza. Kisimani aliuliza jina, kama walivyouliza wote waliotangulia, na mwanangu akanigeukia. Haikuwa katika mpango. Nikalitaja mimi, kwa sauti, la nyumbani kwanza, kisha la ubatizo, kisha la ukoo. Mchungaji akalirudia sawasawa. Maji yakamwagwa mara tatu. Mtoto alipiga kelele ambazo zingeusimamisha mkutano wa kijiji, na nyuma yangu nikasikia mama mkwe akicheka na kulia.

Alasiri tulikunywa kahawa ya kilimani na keki. Shangazi mmoja wa mkwe wetu alikuwa amepata ndizi mbichi katika duka la mtaa wa Eisenbahnstraße, nami nikapika mtori kwa ajili ya mzazi, mbaya kidogo, kwa kuwa kwetu kazi hiyo si yangu. Jioni nikampigia mke wangu. Aliuliza kama nimekula, kama kuna baridi, kisha wamemwitaje. Nikamtajia. Akakaa kimya, halafu akaliita jina lile kwa sauti ya kuita mtu aliye shambani, mpaka nikalisikia likigonga ukuta wa jikoni letu.

Niliporudi nyumbani nilimwita fundi, nikampeleka kaburini kwa mdogo wangu, katika masale. Nilimwonyesha nafasi iliyo juu ya jina la ubatizo, nikamwandikia katika karatasi herufi za kuchonga. Alizisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika na tahajia yake, kwa kuwa saruji ikikauka hairekebishiki.

Nilimwambia ninayo. Nimekwisha waandikia Wajerumani.